Gemu Isiyouza Ushindi

Wazazi wanaofika kwenye meza yangu ya kutengeneza simu hapa soko la Konyo Konyo, Juba, hawaleti tena vioo vilivyopasuka peke yake. Wanaleta na malalamiko. Mama anayeuza samaki wakavu anataka kujua kwa nini bando alilonunua asubuhi limekwisha kabla ya adhuhuri. Dereva wa boda anataka nimfungie simu kwa namna ambayo mwanawe hataweza kuifungua usiku. Baba mmoja alikuja juzi akiwa na hasira hasa: mtoto wake alichukua pesa za unga akampa kijana wa mtaani anayeuza almasi za gemu, zile zinazoingizwa kwenye akaunti ya mchezaji ili apate bunduki kali na mavazi ya kujionyesha. Kila mmoja ana kisa chake, lakini wote wanamalizia kwa swali lile lile: fundi, hizi gemu tuzifute zote?

Sina jibu la neno moja. Gemu zilinikuta nikiwa mtoto kambini, zikanivuta kwenye ufundi, na ufundi ndio unaonilisha mimi na watu wangu. Siwezi kusimama mbele ya mzazi nikasema gemu ni uchafu. Siwezi pia kusema hasira yake haina msingi, kwa sababu ninaziona simu zenyewe na ninajua kilichomo ndani yake.

Kilichonisukuma kulifikiria swali hili kwa makini ni kimashine cha mkononi alichokuja nacho mpwa wangu kutoka Kampala. Ni vile vinavyouzwa siku hizi sokoni kwa bei nafuu, vyenye kioo kidogo cha rangi, vitufe vichache na maandishi ya kujigamba kwamba ndani mna gemu 400. Kilikuwa kimekataa kuwaka. Nilipofungua mgongo wake nikakuta betri ya BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za vitufe, nayo imevimba. Betri hizo ninazo tele kwenye droo. Nikabadilisha, nikawasha, nikapitia orodha ndefu nikitafuta kitu cha kujaribia vitufe, na hapo nikaliona jina la Galaxian. Nikabonyeza. Nyota zikaanza kuteremka, kundi la viumbe wa rangi likajipanga juu, na chini kikatokea chombo kimoja kidogo, changu, chenye risasi moja puani.

Sikuwa nimeicheza tangu Kakuma.

Familia yetu ilivukia Lokichoggio na kuingia Kenya wakati wa vita vya zamani vya Sudan, kabla ya mkataba wa amani wa 2005. Kambi ya Kakuma ilikuwa imeanzishwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Waturkana, na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini ilikuwa tayari imekuwa mji wenye soko lake. Waethiopia walifungua mikahawa, Wasomali maduka, na wenye jenereta waliwauzia majirani umeme kwa waya zilizopita juu ya mapaa ya makuti na mabati. Katika kibanda kimojawapo, mzee mmoja Mwethiopia aliweka televisheni ya kioo kinene na mashine ya gemu. Ilikuwa nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983 na ambayo viwanda vya Taiwan na China viliinakili kwa miaka mingi baadaye. Ndiyo maana watoto wengi wa Afrika Mashariki walioijua gemu ya televisheni waliijua kupitia nakala, pamoja na kaseti moja ya plastiki iliyojazwa gemu kadhaa.

Sheria za kibanda hazikuandikwa popote, lakini hakuna aliyezikosea. Unampa mzee sarafu, unapewa padi, unacheza laifu tatu. Zikiisha, unasimama na kumpisha aliye nyuma yako. Mtoto wa kiongozi wa bloku alilipa sarafu ile ile. Mtoto ambaye ndugu yake alikuwa akituma dola kutoka Australia alilipa sarafu ile ile. Angeweza kulipa mara nyingi zaidi yetu, na kweli alirudi kwenye foleni mara nyingi zaidi, lakini kila alipokaa kwenye benchi alipewa chombo kile kile kidogo chenye risasi ile ile moja. Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo na Waturkana waliokuja kutoka mjini walikaa pale wakiwa na kilio cha namna moja pale chombo kilipolipuka.

Nilikuwa mtoto na sikuwa na maneno ya kueleza kilichonivutia. Leo ninayo. Kambini karibu kila kitu kilitegemea karatasi: kadi ya mgao, jina kwenye orodha, mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya mbali. Watu walipewa au kunyimwa kwa sababu ambazo sisi watoto hatukuweza kuziona. Pale mbele ya televisheni sababu ilionekana. Umekufa kwa kuwa ulikuwa umesimama chini ya yule wa bluu aliyekuwa akishuka. Hakuna mtu wa kumlaumu na hakuna wa kumbembeleza. Kwa mtoto wa kambi, hiyo ilikuwa haki ya kwanza aliyoweza kuishika mkononi.

Nieleze jinsi gemu yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu humo ndimo lilimo fundisho lake. Chombo chako kinakwenda kushoto na kulia tu. Hakipandi wala hakishuki. Adui wamejipanga juu kwa safu, na mara kwa mara mmoja au wachache wanachomoka kwenye safu na kukushukia kwa kupinda huku wakimwaga risasi. Wewe una risasi moja kwa wakati. Ukifyatua na kukosa, hufyatui nyingine mpaka ile ya kwanza ipande hadi juu kabisa ya kioo na kupotea. Muda huo wote huna silaha. Kwa hiyo kosa lako halikugharimu alama. Linakugharimu sekunde moja au mbili za kukimbia mikono mitupu, na sekunde hizo ndizo zinazoua.

Mtoto mgeni alibonyeza kitufe bila kukoma. Baada ya siku chache, bila mtu kumfundisha, mkono wake ulitulia. Alianza kusubiri adui afike karibu, maana risasi inayopiga karibu inarudi mapema. Kukaribia hatari kukawa njia ya kupata silaha upya. Sijaona somo la kupima hatari lililo wazi kuliko hilo, na lilifundishwa na kaseti bila sentensi hata moja.

Pale kibandani palikuwa na msichana mmoja aliyecheza kwa nadra kwa sababu sarafu zilimpita mbali. Alikuwa akisimama nyuma na kutazama. Ndiye aliyegundua kwamba wale vinara wa safu ya juu kabisa wakishuka, mara nyingi hushuka na walinzi wawili wekundu, na kwamba ukiwaangusha walinzi kwanza kisha ukampiga kinara, alama zinaruka. Kwenye mashine ya awali ya kampuni ya Namco kinara anayepigwa kwa utaratibu huo huleta alama 800, ilhali akiwa ametulia kwenye safu yake huleta 60 tu. Sisi tulikuwa tukimpiga kinara wa kwanza tuliyemwona. Yeye, siku alipopata sarafu, aliacha nafasi rahisi zipite, akasubiri watatu washuke pamoja, akawamaliza kwa mpangilio. Kibanda kizima kilinyamaza kikimtazama.

Kutoka kwake nilijifunza kwamba kutazama nako ni kucheza. Aliyesimama nyuma alisoma bure kitabu ambacho aliyekaa mbele alikilipia, na hilo liliwezekana kwa sababu gemu haikuficha chochote. Sheria zote zilikuwa pale juu ya kioo kimoja, mbele ya macho ya kila mtu, na kilichomtenga bingwa na mgeni kilikuwa ni umakini peke yake.

Baadaye nilipokwenda Nairobi kujifunza ufundi wa vifaa vya umeme, nikiwa kijana wa kutumwa na kushika taa kwenye duka dogo karibu na barabara ya Luthuli, nilikuta mambo mengine. Mitaani vibanda vilikuwa vya PlayStation, na gemu ilikuwa mpira. Hapo hukulipia laifu. Ulilipia mechi au dakika. Nilicheza na nikaupenda ule mpira, lakini niliona jinsi tabia ya wachezaji ilivyobadilika. Mtu aliyelipia dakika hakuogopa kufungwa. Alichoogopa ni saa ya mwenye kibanda. Wengine waliruka marudio ya mabao kwa haraka, wakigombana kuhusu nani amepoteza muda. Gemu ni ile ile utakayoikuta nyumbani kwa tajiri, ila njia ya malipo ilikuwa imeigeuza.

Hilo lilinifungua macho kuhusu mashine ya Kakuma pia. Katika duka lile nilianza kusoma chochote nilichopata kuhusu mashine za zamani, kwa sababu mwalimu wangu wa ufundi alipenda kusema kwamba huwezi kutengeneza kitu usichojua kilikusudiwa kufanya nini. Nikajua kwamba Galaxian ilitoka mwaka 1979, ikiwa kazi ya Kazunori Sawano wa Namco, na kwamba ilikuwa jibu kwa Space Invaders ya mwaka mmoja kabla, iliyotengenezwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Mashine zile zilikaa kwenye majumba ya starehe na mikahawa ya Japani, na mchezo mmoja uligharimu sarafu ya yen 100. Mwenye mashine alitaka ufe baada ya dakika chache ili mwingine atie sarafu. Alitaka pia ufe ukiwa na hamu ya kurudi. Ugumu wa gemu ulipimwa kwa mfuko wa mteja.

Kwa hiyo siwezi kuwadanganya wazazi kwamba zamani gemu zilikuwa sadaka na leo ndiyo biashara. Zilikuwa biashara tangu mwanzo. Mzee wetu wa Kakuma alihitaji mafuta ya jenereta, na kila chombo kilicholipuka kilimsogezea mafuta hayo. Tofauti ni jinsi biashara ilivyokutendea ukishatoa pesa. Bei ulijua kabla ya kukaa. Ukishakaa, mashine haikukuomba tena kitu mpaka umalize. Haikukatiza vita ikakwambia kwamba kwa sarafu mbili zaidi utapewa risasi tatu. Pesa ilikununulia nafasi, na nafasi ilikuwa sawa kwa wote.

Katika kusoma huko nilikutana na jambo jingine ambalo fundi yeyote atalipenda. Katika Space Invaders adui wanaanza kwa mwendo wa polepole, wakiwa 55, safu tano za kumi na mmoja. Kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyokwenda kasi, mpaka yule wa mwisho anakimbia kama aliyefukuzwa. Wachezaji walidhani ni werevu wa mtunzi. Ukweli ni kwamba prosesa ya mashine ile, Intel 8080, ilikuwa ikilemewa na kuwachora wote. Walipopungua ikapata nafuu, na wakaenda haraka. Nishikado aliliona jambo hilo, akaona linaongeza msisimko, akaliacha lilivyo. Udhaifu wa chombo ukawa roho ya mchezo. Mimi ninayefanya kazi kwa vipuri vya simu zilizokufa, nilipolisoma hilo nilijisikia nimepewa heshima.

Nilirudi Juba baada ya uhuru wa Sudan Kusini wa tarehe 9 Julai 2011, kwa barabara ya Nimule, pamoja na wengi waliokuwa wakirudi na masanduku na Kiswahili chao cha Kenya na Uganda. Konyo Konyo ilinipokea kwa sababu Konyo Konyo humpokea kila mtu. Mboga zinashushwa kutoka malori ya Uganda, sauti za Kiganda, Kiarabu cha Juba na Kiswahili zinapishana kwenye njia moja ya matope, na makondakta wanaita abiria wa Custom na Gudele. Umeme wa uhakika haukuwapo. Kila mwenye jenereta alikuwa na ubao uliojaa soketi za kuchajia simu za watu, na mimi nilianza hapo hapo: kuchaji simu kwanza, kisha kuzitengeneza.

Vita vilirudi Desemba 2013, na Julai 2016 mji wenyewe uligeuka uwanja wa mapigano kwa siku kadhaa. Sitaki kueleza siku zile. Ninachotaka kueleza ni kilichotokea soko lilipofunguliwa tena. Kibanda kimoja karibu nami kilikuwa na televisheni na gemu ya vita, ya askari kwa askari, bunduki zinazolia kama zinavyolia kweli. Mwenyewe aliiwasha ili kuvuta wateja. Mvulana mmoja aliyekuwa kwenye benchi aliinuka mara mlio wa kwanza ulipotoka, akatembea hadi kwenye meza yangu na kukaa chini yake, kwenye kivuli, pasipo kusema neno. Nilikuwa na simu niliyokuwa nimeimaliza, na ndani yake mlikuwa na gemu ndogo ya vyombo vya angani. Nilizima sauti nikampa.

Aliitazama kwa muda kabla ya kugusa. Kisha akaniuliza kwa Kiarabu cha Juba: hawa ni watu?

Nikamwambia si watu. Akaanza kucheza.

Nimelifikiria swali la mtoto yule kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa kazini. Nishikado mwenyewe alilipitia swali hilo miaka mingi kabla. Alipokuwa akibuni Space Invaders alijaribu vifaru na ndege, lakini mwendo wake haukumridhisha. Umbo la binadamu lilikwenda vizuri zaidi kwenye kioo, ila kumfanya mchezaji apige risasi watu kulionekana ni kinyume cha maadili, na wazo hilo likaachwa. Ndipo akawachora viumbe wenye sura ya pweza, ngisi na kaa. Watu wengi wanaozisifu gemu zile huzungumzia alama na rangi zake. Mimi nasifu uamuzi huo. Mwaka 1978, katika nchi yenye amani, mtu alikaa mezani akajiuliza mchezaji wake atakuwa anampiga nani. Katika mji wetu, ambako mtoto anajua kutofautisha milio ya bunduki, swali hilo haliwezi kuachiwa watunzi wa mbali.

Ndiyo maana ninajivunia kwamba mmoja wetu amelijibu kwa njia yake. Lual Mayen alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu akafikisha dola 300 za kumnunulia kompyuta, na yeye alikuwa akitembea saa tatu kufika mahali penye umeme wa kuichaji. Akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu. Iliyomtambulisha inaitwa Salaam. Ndani yake humpigi mtu risasi. Wewe ndiye unayekimbia mabomu, ukitafuta maji, chakula na dawa mpaka ufike penye amani. Mwaka 2018 aliheshimiwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani, na wachezaji wa dunia wakasikia kwamba kuna mtunzi wa gemu aliyetoka kambini. Mtoto wa kambi alipopata nafasi ya kutunga sheria za mchezo, alianza kwa kuamua nini mchezaji hatafanya. Nafikiri alielewa Nishikado alichoelewa, na alikielewa kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa turudi kwenye kimashine cha mpwa wangu. Nilipomaliza kukijaribu nilimpa akae nacho, nikimwangalia. Yeye amezaliwa katika zama za simu za kugusa, na gemu yake ya kila siku ni ya vyombo vya angani pia. Ukiitazama utaona ni mjukuu wa Galaxian: chombo chini, adui juu, nyota zinateremka. Lakini chombo chake kinafyatua chenyewe bila kukoma, risasi zimejaa kioo kizima, na kazi ya mchezaji ni kusogeza kidole tu.

Alikufa mara moja. Akafa tena. Akaniuliza, kwa adabu kabisa:

“Mjomba, duka liko wapi? Nataka chombo kikubwa.”

Nikamwambia hakuna duka.

“Basi nitazame tangazo nipate laifu?”

Hakuna tangazo pia. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba haina mlango. Kwake, kushindwa lilikuwa jambo lenye kaunta ya kulipia. Hakuwa na kosa lolote. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na kila gemu aliyoifungua tangu aanze kushika simu.

Lakini aliendelea, kwa sababu ilikuwa jioni na bando lilikuwa limeisha. Taratibu nikaona mkono wake ukitulia, kama mikono yetu ilivyotulia Kakuma. Aliacha kubonyeza ovyo. Akaanza kusubiri. Akagundua mwenyewe kwamba ukutani ni pabaya kwa sababu huna pa kukimbilia. Alipofikisha bendera ya tatu, zile bendera ndogo zinazoonyesha umevuka makundi mangapi, hakuniomba chochote. Alinieleza. “Mjomba, yule wa juu ana walinzi. Ukimwacha kidogo ni bora.” Alikuwa amefika alipofika yule msichana, bila kuambiwa na mtu.

Nikizipima gemu hizi mbili kwa haki, ya zamani ina mapungufu yake na sitayaficha. Haina hadithi. Haina mwisho, inazidi kuwa ngumu tu mpaka uanguke. Ukizima mashine, alama zako zote zimepotea. Mpwa wangu alichoka nayo mapema kuliko sisi tulivyochoka, na ana haki, maana sisi hatukuwa na kingine. Gemu za leo zinaweza kumkutanisha na rafiki aliye Kampala au Khartoum, zikamsimulia kisa, zikamhifadhia alipofika ili arudi kesho. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mzazi anayeyakataa yote anamnyima mtoto kitu kizuri.

Kilichoharibika ni mahali pesa inapoingilia. Nimefungua simu nyingi za watoto nikaona mpangilio ule ule. Gemu inaanza bure na rahisi. Kisha, baada ya siku chache, ugumu unapanda ghafla pasipo mchezaji kufanya kosa lolote, na pale pale linatokea dirisha la kununua. Ukikataa, unaambiwa usubiri saa kadhaa ndipo uruhusiwe kucheza tena, au utazame tangazo la video linalokula bando. Adui aliyekuua hakukuua kwa sababu ulisimama vibaya. Amewekwa akuue ili ulipe. Kosa limeondolewa kwa mchezaji, na pamoja nalo limeondolewa lile jambo ambalo lilimfanya atulie, atazame na kujifunza. Mwenye pesa hahitaji kuwatambua walinzi wawili wekundu. Ananunua chombo kinachowayeyusha wote.

Kwa hiyo mzazi akija sasa na swali lake, sifuti wala sikatai. Namwomba anipe simu, nafungua gemu yenyewe mbele yake, na tunacheza. Tunaangalia kama mtoto akishindwa anaweza kueleza kwa nini ameshindwa. Tunaangalia kama mwenye pesa na asiye nayo wanapewa chombo kimoja. Tunaangalia mchezaji anampiga nani, na kama mtoto huyu, kwa yale aliyoyapitia, anapaswa kumpiga huyo. Tunaangalia pia kama gemu inamruhusu kusimama na kuondoka, au inamvuta kwa kengele kila baada ya dakika chache. Wapo wazazi wanaoshangaa kuona kwamba gemu waliyoiogopa kwa kelele zake ni ya haki kabisa, na ile ya rangi tamu yenye wanyama wanaotabasamu ndiyo inayomla mtoto pesa.

Baadhi ya gemu tunaziacha. Nyingine ninazima manunuzi na arifa, zikabaki mchezo mtupu, na mtoto akaendelea kwa furaha. Zile zilizojengwa kuuza ushindi nazifuta bila kusita, na mtoto akilalamika namweleza sababu kama ninavyomweleza mtu mzima. Mtoto wa Juba atakutana na milango mingi inayofunguka kwa pesa au kwa jina la mtu anayefahamika. Hatuwezi kumficha hilo. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba pale anapocheza, angalau pale, anakutana na sheria inayomtendea sawa na mwenzake, ili akikua ajue inavyofanana na aidai kwingine.